Mistari Myeupe

Kabla ya kompyuta, Muganyizi alichora kanga. Alikuwa mchoraji katika kiwanda cha nguo hapo Mwanza, mtu wa kukaa mbele ya meza pana na kalamu ya wino, akipanga maua na korosho zikimbizane ukingoni mwa kitambaa bila kugongana. Kisha biashara ya nje ikafunguliwa, mitumba ikamwagwa masoko ya Mlango Mmoja na Makoroboi kama mchanga, kiwanda kikayumba, na siku moja jina lake likabandikwa getini pamoja na majina ya wenzake waliopunguzwa.

Aliyemwokota ni Rugemalira, mtu wa kwao Bukoba, aliyefungua ofisi ndogo mtaa wa Rufiji, nyuma ya duka la vipuri. Ofisi hiyo ilitengeneza mihuri, kadi za harusi, kalenda na vibao vya milangoni. Ilikuwa na kompyuta, skana, na kiyoyozi kilichonguruma zaidi kuliko kilivyopoza. Muganyizi alijifunza kushika mausi kama alivyojifunza kushika kalamu, na haukupita mwaka akawa anajulikana. Mabenki yalimjua. Mashirika yenye magari meupe yalimjua. Naye alijijua pia, labda kupita kiasi.

Kazi aliyoipenda zaidi ni ile ya leza. Mashine yenyewe haikuwa Mwanza. Ilikuwa katika karakana moja Dar es Salaam. Muganyizi alichora hapa, akaweka mchoro kwenye disketi, disketi ikapanda ndege, na kule Dar mashine ikauchoma mchoro juu ya ubao kwa mwanga mkali mwembamba kuliko sindano. Ubao ukarudi na ndege vilevile, ukinukia moshi mtamu.

Alipenda kuwaeleza watu ugumu wake. Mashine ile, alisema, haijui picha. Inajua mistari tu. Ukiiachia mstari uliokatika, nayo itakatiza hapohapo. Ukiweka mistari miwili pale panapotakiwa mmoja, itapita mara mbili na kuunguza mbao. Herufi lazima zigeuzwe kuwa maumbo, la sivyo kompyuta ya Dar itaweka herufi zake yenyewe. Na rangi? Rangi ni ya macho ya binadamu. Mashine hufuata kila mstari uliomo, uwe unauona, uwe huuoni. Annet, mpiga chapa wa ofisi, alikuwa amekwisha kuyasikia maelezo hayo hadi akawa anayamalizia yeye.

Mzee Mhoja alifika mwaka tisini na tisa, kiangazi, akiwa amevaa koti zito na viatu vya mpira vyenye tope la zizini. Alitoka Kiseke, pembezoni mwa mji, ambako wakati huo mtu aliweza bado kufuga ng'ombe katikati ya majabali. Alikuwa na picha ndogo ya kitambulisho, imekunjika pembe moja, ya msichana anayetazama mbele bila kucheka.

"Huyu ni binti yangu, Malimi," alisema. "Alifariki mwaka ule wa mvua kubwa. Uchungu ulimshika, gari likanasa kwenye tope kabla ya kufika mjini. Yeye na mtoto, wote."

Baada ya msiba, mzee aliuza sehemu kubwa ya mifugo yake, akawaomba majirani nguvu zao, wakajenga zahanati hapohapo Kiseke, ili mwanamke mwingine asife njiani. Sasa ilikuwa imekamilika, muuguzi amekwisha kupatikana, na mzee alitaka ubao wa mninga wa kuweka ukutani mlangoni: jina la binti yake, na uso wake.

Muganyizi aliiweka picha kwenye skana, akaikuza, akaanza kuufuata uso ule nukta kwa nukta. Picha ilikuwa na ukungu. Mahali ambapo picha haikusema kitu, alijaza kwa akili yake: mdomo wa kawaida, nyusi za kawaida, uso wa mwanamke mzuri kama wale aliowahi kuwachora kwenye kanga. Mzee alipokuja kuutazama, alitikisa kichwa, akasema kwa ule ulimi wake wa Kisukuma uliogeuza l kuwa r kila alipokazia neno:

"Kijana, hiri jicho si rake."

Jicho la kushoto la Malimi lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia. Muganyizi alilirekebisha. Mzee akarudi: mdomo. Mdomo wa chini ulikuwa umejaa, kama mtu anayetaka kusema neno akajizuia. Muganyizi alirekebisha. Mzee akarudi: paji la uso. Akarudi tena: kidevu. Kila aliporudi aliketi pembeni ya kompyuta, magoti pamoja, akaeleza kwa vidole hewani, na harufu ya zizi ikabaki ofisini hata baada ya yeye kuondoka. Wateja wengine walisubiri. Rugemalira alichungulia kutoka chumba chake cha ndani akiuliza kazi ya benki imefikia wapi.

Lakini ukweli ni kwamba, kila mzee aliporudi, uso ule ulizidi kuwa wa mtu. Muganyizi aliona hivyo kwa macho yake, na jambo hilo nalo lilimuudhi, kwamba mkono wake uliosifiwa mji mzima ulikuwa ukiongozwa na mchungaji wa ng'ombe.

Mchana mmoja mzee alipotoka tu, baada ya kutaka nyusi zishushwe, Muganyizi alizishusha, akajinyoosha kitini, akamgeukia Annet. Akaigiza sauti. "Kijana, hizi nyusi si zake. Ng'ombe wangu wana nyusi nzuri kuriko hizi."

Annet alicheka. Muganyizi alipoona amechekesha, akashika mausi. Juu ya kichwa cha Malimi akachora pembe mbili, ndefu, kama za ng'ombe wa Karagwe, moja ncha yake imepinda. Akaongeza masikio ya ng'ombe, na kwenye sikio moja akatia pengo, kama wafugaji wanavyotia alama. Annet alikuwa amelaza kichwa mezani, machozi ya kicheko yakimtoka. Muganyizi akatafuta jambo la kukamilishia, akachora nzi mdogo karibu na pembe.

"Huyu ni wa ofisini kwetu," alisema. "Mzee akija huja naye."

Hapo mlango ukafunguliwa. Mzee Mhoja alikuwa amesahau fimbo yake.

Muganyizi hakuwa na nafasi ya kufuta. Alichofanya, kwa wepesi wa mkono uliozoea, ni kubonyeza rangi: pembe, masikio na nzi vikawa vyeupe juu ya weupe wa kioo, vikapotea. Uso wa Malimi ukabaki peke yake, nyusi zake zimeshushwa kama baba yake alivyotaka.

Mzee aliinama kuchukua fimbo, akainua macho, akasimama. Kisha akaketi kwenye kile kiti chake cha siku zote, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Sasa ndiye," alisema. "Ndiye kabisa." Akavua kofia. Machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta.

Annet aliinuka akaenda kusimama dirishani. Muganyizi alitazama mikono yake mwenyewe. Alitaka mzee aondoke ili afute upuuzi ule, lakini mzee hakuondoka. Aliomba tu aendelee kumtazama mtoto wake. Na alipokuwa angali ameketi, Rugemalira akatoka ndani akiwa amevaa koti, funguo za gari mkononi. Ndege ya jioni ilikuwa inaondoka, na bahasha ya Dar ilitakiwa uwanjani. "Mzee ameridhika? Basi, tia kwenye disketi, haraka."

Muganyizi akatia kwenye disketi. Vidole vyake vilifanya kazi hiyo kama siku zote, na kichwa chake kilikuwa kwa yule mzee anayelia. Kesho yake kulikuwa na kazi ya benki. Hakukumbuka.

Siku ya ufunguzi, ubao ulikuwa haujafika. Ulishuka uwanja wa ndege asubuhi ileile, na Muganyizi akaufuata mwenyewe kwa pikapu ya ofisi, akaelekea Kiseke moja kwa moja. Watu walikuwa wamekwisha kujaa uani. Wanakwaya walikuwa wamevaa sare, wanawake wameweka masufuria mekoni, na zahanati iling'aa kwa chokaa mpya. Karakana ya Dar ilikuwa imefunika uso mzima wa ubao kwa karatasi ya gundi, ili kuulinda na mikwaruzo. Fundi seremala alipotaka kuibandua, Muganyizi alimkataza.

"Iache. Itabanduliwa mbele ya watu, ndiyo inapendeza."

Ubao ukafungwa ukutani kwa bolti, karatasi ikiwa juu yake.

Mgeni rasmi alikuwa padri wa parokia, lakini ulipofika wakati, Mzee Mhoja alimwomba radhi padri, akamshika mkono dada yake mkubwa, Bibi Nyanzobe, akamleta mbele. Mke wa mzee alifariki zamani, Malimi akiwa bado ananyonya. Bibi Nyanzobe ndiye aliyemlea. Ndiye pia aliyekuwa naye kwenye gari lile lililonasa, kichwa cha Malimi kikiwa mapajani mwake. Alikuwa mwembamba, mrefu, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa maisha yake yote.

Bibi alishika ncha ya karatasi akaanza kuivuta kutoka chini kwenda juu. Lilionekana jina. Kikaonekana kidevu, kisha mdomo ule uliojaa, na umati ukashusha pumzi kwa pamoja. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti, "Malimi!" Yakatokea macho, moja dogo, moja kubwa. Bibi alikuwa anatabasamu. Akavuta tena.

Pembe zilikuwa zimechomwa vizuri sana. Zilisimama juu ya paji la uso la marehemu, za kahawia iliyokolea, moja ncha yake imepinda, na masikio ya ng'ombe yalichomoza kila upande.

Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Kisha watu wakaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, macho yao si kwenye ubao tena bali kwa Bibi Nyanzobe, ambaye alikuwa bado ameshika karatasi mkononi.

Mzee Mhoja alivua koti lake akalitundika juu ya ubao. Akageuka. "Kijana," alimwita Muganyizi, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa inauliza tu. "Hii ni nini?"

Muganyizi alilitazama koti lile lililotundikwa. Neno la kweli lilikuwa palepale, fupi, na watu wote walikuwa wanalisubiri.

"Dar," alisema. "Wamekosea Dar. Watakuwa wamechanganya na kazi nyingine."

Jumatatu Rugemalira alipiga simu Dar, na fundi wa kule akashangaa. Mchoro ulikuja hivyo, alisema. Yeye, kama ilivyo desturi, alikuwa ameigeuza mistari yote kuwa myeusi ili mashine iisome, na pembe zikajitokeza. "Mimi nilidhani ni mila za Wasukuma," alisema. Rugemalira alirudisha simu mahali pake, akamtazama Muganyizi, akamtazama Annet, ambaye alikuwa anapiga chapa bila karatasi.

"Sitaki kujua," alisema Rugemalira. "Mtu akiuliza, ni mashine. Mashine mpya zina mambo yake."

Basi ikawa ni mashine. Muganyizi alienda kazini, akarudi nyumbani, akala. Alipoona mteja mwenye viatu vya mpira mlangoni, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Siku moja alikuta Annet ameketi kwenye kile kiti cha mzee na akamwambia, kwa ukali usio na sababu, atoke pale.

"Mimi nilicheka tu," Annet alisema.

"Nani amekuuliza?"

Aliyeleta habari ni Rose, muuguzi wa zahanati. Alikuja kuchapishiwa kadi za kliniki, na alipokuwa anasubiri, Muganyizi aliuliza, huku akitazama kioo, zahanati inaendeleaje.

"Zahanati ipi?" Rose alisema. "Naketi na sindano zangu mwenyewe. Wajawazito hawaji. Wanasema wasipite chini ya ule mlango."

"Kwa sababu ya ubao?"

"Ubao uliondolewa siku ileile, uko stoo. Ni kwa sababu ya Bibi Nyanzobe." Rose alishusha sauti. "Wanasema pembe hazikuwapo. Mashine haiwezi kuchora pembe kwa akili yake. Wanasema zilitokea pale alipoibandua karatasi kwa mkono wake, kwamba marehemu amejionyesha, amesema nani alimfanya mnyama. Si yeye aliyekuwa naye kwenye gari? Si ana macho mekundu kama ya mchawi? Wiki iliyopita walirusha mawe kwenye paa lake. Sasa analala stoo kwangu, kwenye maboksi ya dawa. Vijana wengine wanaongea maneno ambayo siwezi kuyarudia. Jumapili mwenyekiti ameitisha mkutano, na mimi naogopa huo mkutano kuliko kitu chochote."

Muganyizi alijua, kama kila mtu aliyeishi upande ule wa ziwa alivyojua, mikutano ya namna hiyo huweza kumalizika vipi kwa bibi kizee. Aliendelea kutazama kioo. Kadi ya kliniki ilikuwa na mstari mmoja uliokatika. Aliuunganisha. Ukakatika tena.

Alimweleza Rugemalira. Bosi alifunga mlango wa chumba cha ndani.

"Ukienda kule utaizika ofisi hii. Benki wataniuliza, nyinyi mnachora pembe kwenye nyuso za watu? Mwache mwenyekiti amalize mambo yake."

"Watamuua."

"Hujui hilo." Kisha, kwa Kihaya, polepole, kama ndugu: "Muganyizi, ukitoka hapo Jumapili, usirudi hapa Jumatatu."

Mkutano ulikuwa uani mwa zahanati. Wanaume waliketi mbele, wanawake nyuma, vijana wamesimama pembeni karibu na ukuta, na baadhi yao walikuwa na fimbo. Bibi Nyanzobe aliketi peke yake kwenye benchi la wagonjwa, kanga imemfunika hadi kidevuni. Mzee Mhoja alisimama nyuma yake. Mwenyekiti, mtu mzima aliyeitwa Luhende, alikuwa ndiyo kwanza anafungua kikao Muganyizi alipopita katikati ya watu, akaenda mbele, akasema shikamoo ambayo watu wachache waliiitikia.

"Pembe nilichora mimi," alisema.

Alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yalimtoka hayo tu.

Pakawa na mnong'ono. Luhende aliinua mkono. "Siku ile ulisema ni Dar. Baadaye tumesikia ni mashine. Leo ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa nafanya mzaha ofisini. Mzee alipoingia nikaificha kwa rangi nyeupe, halafu nikasahau kuifuta. Mashine haioni rangi. Ikachoma kila kitu."

"Muongo!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka ukutani. "Mtu gani anamchora marehemu pembe kwa mzaha? Huyu amepewa kitu na bibi. Ametumwa kumfunika!"

Wengine waliitikia. Muganyizi alitazama nyuso zile akaona jambo ambalo hakulitegemea: hawakumwamini kwa sababu alichokifanya kilikuwa kibaya mno kuwa kweli. Uchawi ulikuwa rahisi zaidi kuukubali.

"Nipeni mkaa," alisema.

Rose alimletea kipande kutoka jikoni. Muganyizi alitazama huku na huku akitafuta mahali, na mahali pekee palipokuwa peupe na pana ni ukuta wa zahanati. Alimtazama Mzee Mhoja kama anayeomba ruhusa. Mzee hakutikisa hata kope.

Alichora. Alianza na paji la uso, kwa sababu pembe haziwezi kusimama hewani, na mkono wake, ambao ulikuwa umelichora paji lile mara nyingi kuliko uso wowote duniani, ukalitoa kama lilivyo. Nyuma yake akasikia mwanamke akivuta pumzi. Kisha, mbele ya baba yake na mbele ya shangazi aliyemlea, mchana, watu wote wakiangalia, akamchora Malimi pembe kwa mara ya pili. Ya kulia, ndefu. Ya kushoto, ncha imepinda. Masikio. Pengo kwenye sikio moja. Jasho lilimtiririka hadi ndani ya macho. Kule ofisini ile kazi ilichukua dakika moja na kicheko. Hapa ilionekana haina mwisho.

Luhende aliagiza ubao utolewe stoo. Wanaume wawili waliuleta, wakalivua koti lililoufunika, wakauegemeza ukutani kando ya mchoro wa mkaa. Watu walisogea. Ncha ilikuwa imepinda vilevile. Pengo lilikuwa kwenye sikio lilelile.

"Aliuona siku ile," yule kijana alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Ameukariri."

"Kuna nzi," alisema Muganyizi.

"Nini?"

"Karibu na pembe ya kulia. Mdogo. Nilichora nzi. Siku ile nilikuwa mbali, nisingeweza kumwona."

Luhende alitoa miwani, akainama hadi pua yake ikakaribia mbao. Alama ile kila mtu alikuwa ameidhani ni doa la mti. Aliitazama sana. Alihesabu miguu kwa ukucha.

"Nzi," alisema.

Kijana wa ukutani aliangusha fimbo yake chini, kama vile ilikuwa imemchoma. Muganyizi alifikiri yameisha. Lakini Mzee Mhoja alikuwa ametoka nyuma ya dada yake, na sasa alikuwa amesimama mbele yake, karibu kabisa.

"Pembe nimeerewa," mzee alisema. "Mimi ni mtu wa ng'ombe, mkanicheka. Nzi ni wa nini?"

"Mzee..."

"Nakuuriza. Nzi ni wa nini?"

Muganyizi angetoa chochote asijibu. Angeweza kusema ni urembo tu. Lakini alikuwa amechoka kusema uongo, na mzee alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale yaliyomtazama siku ile ya machozi.

"Nilisema... ukija ofisini, unakuja na nzi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mhoja aliyapokea maneno yale, kisha akajitazama viatu vyake. Kujitazama kule ndiko kulikomkata Muganyizi kuliko kofi. Mzee alikuwa anaangalia kama ni kweli.

"Nilikuwa napita zizini kwanza," alisema, kana kwamba anapaswa kujieleza. "Ng'ombe hawangoji."

Akaondoka uani, hakugeuka tena.

Bibi Nyanzobe ndiye aliyezungumza mwisho. Alikuwa ameinuka, amesogea hadi kwenye ubao, kidole chake kikipita juu ya ule mdomo uliojaa.

"Uso ni wake," alisema. "Siku ile, kabla sijavuta karatasi yote, nilidhani amerudi. Kama ungemchora vibaya, mwanangu, ningekusamehe upesi. Lakini ulimjua hivi, ukamfanya vile."

Muganyizi aliomba maji na kitambaa, akaosha ukuta. Mkaa ulififia, haukutoka wote.

Rugemalira alikuwa mtu wa kushika neno lake. Jumatatu meza ya Muganyizi ilikuwa na mtu mwingine. Annet alimfuata nje hadi kwenye ngazi, akarudi ndani. Habari zilizagaa mjini. Kila ofisi aliyoomba kazi, kulikuwa na mtu aliyeuliza kwa kicheko kama ndiye yule wa pembe, na kila mara alisema ndiye. Mwishowe alinunua brashi na makopo ya rangi, akawa anaandika vibao vya vioski na saluni kule Kirumba, akipanda ngazi juani.

Bibi Nyanzobe alirudi nyumbani kwake. Wajawazito walianza kwenda zahanati, mmoja mmoja, kisha wengi. Muganyizi alituma ujumbe kwa padri kwamba angechora ubao mwingine, safi, kwa gharama yake. Jibu lilirudi kupitia kwa padri huyohuyo: Mzee Mhoja anashukuru, hahitaji.

Ilikuwa karibu na Krismasi Rose alipomkuta juu ya ngazi yake Kirumba. Milango ya zahanati haikuwa na maandishi, alisema, wagonjwa wanaingia popote. Angeweza kuja?

"Mzee anajua?"

"Ndiye aliyetaja jina lako. Hakusema zaidi ya hapo."

Alikwenda. Mzee Mhoja hakuonekana siku hiyo. Ukutani pale mlangoni palikuwa patupu, chokaa imepakwa upya. Lakini alipokuwa anachanganya rangi, Bibi Nyanzobe alikuja na kigoda, akakiweka karibu na ngazi, akaketi. Alimwamkia, bibi akaitika marahaba, kisha akatazama brashi inavyokwenda.

Muganyizi aliandika CHUMBA CHA WAZAZI, herufi kubwa nyekundu, akashuka.

"Hapo umeandika nini?" bibi aliuliza. Hakujua kusoma.

"Chumba cha wazazi, bibi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

Bibi Nyanzobe alifikiri kidogo. Kisha akageuza kichwa, akaita kwa sauti, "Rose! Njoo unisomee hapa."

Rose alitoka ndani akijifuta mikono, akasoma, bila kumtazama Muganyizi. "Chumba cha wazazi."

"Basi?"

"Basi, bibi."

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Aliinuka, akakibeba kigoda chake hadi mlango wa pili, akakaa tena na kungoja. Muganyizi, uso ukimwaka, aliinua ngazi akamfuata.